Mgombea wetu wa udiwani atueleze: uji wa watoto utatoka wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa huu wa wasomaji ili nami nitoe dukuduku langu juu ya uchaguzi mdogo wa diwani katika kata yetu, kiti ambacho kimekuwa wazi tangu diwani tuliyekuwa naye afariki dunia. Kata hii imo katika mojawapo ya halmashauri za miji za Nyanda za Juu Kusini. Nasema mji, lakini msomaji asidhani tunaishi kwenye maghorofa na taa za barabarani. Mji wetu una kata za katikati zenye stendi na maduka, na una kata kama hii yangu ambazo ni vijiji vitupu: mahindi, viazi, maharage na miti ya mbao. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kimojawapo cha vijiji hivyo.

Kwanza kabisa niwatoe watu wasiwasi. Mimi ni mtumishi wa umma, na huenda siku ya kupiga kura nikawa karani kituoni kama wanavyokuwa walimu wengi. Kwa hiyo simfanyii mtu kampeni, na wala sitataja jina la mgombea au chama chake. Lakini utumishi wa umma haunizuii kuuliza jambo linalowahusu watoto ninaowafundisha kila siku.

Wagombea wetu ni watatu. Mmoja ni mama kiongozi wa kikundi cha kuweka na kukopa, ambaye hotuba zake zote ni juu ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani ile minne kwa wanawake, minne kwa vijana na miwili kwa wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka 2024, naye anaifahamu vizuri. Wa pili ni kijana aliyemaliza chuo kikuu, anayeahidi barabara ya lami. Ningemshauri kijana huyu aulize kwanza, maana tangu mwaka 2017 barabara za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA, na diwani anaweza kuzipigia kelele tu, hazijengi. Sina mengi juu ya hao wawili kwa sababu hawajawahi kushika dhamana ya umma hapa kwetu, na mtu huwezi kumpima kwa jambo ambalo hajalifanya.

Huyu wa tatu ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Ni mnunuzi wa viazi. Ana lori moja, na kabla ya hapo alikuwa akinunua kwa baiskeli. Alihamia hapa yapata miaka 20 iliyopita, akaoa, akajenga, watoto wake wote wamesoma shuleni kwetu. Sasa ajabu ni kwamba wananchi wanapozungumza juu ya historia yake, jambo la kwanza wanalosema ni kwamba hakuzaliwa hapa. Kwenye kilabu cha ulanzi ni hilo, kwenye mashine ya kusaga ni hilo. Ndugu wananchi, huku ni kupoteza wakati. Sheria inataka mgombea udiwani awe raia mwenye umri usiopungua miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa, awe mkazi wa eneo la halmashauri, na awe na kipato halali. Hakuna mahali sheria iliposema kitovu chake kiwe kimezikwa katika kata. Kama tutaanza kuulizana makabila katika karne hii, basi tuliyofundishwa shuleni yalikuwa bure.

Historia yake inayofaa kujadiliwa ni nyingine kabisa, nayo inafahamika kwa kila mzazi. Ndugu huyu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule yetu kwa miaka sita. Mimi nilipofika hapa, kijana mbichi kutoka chuo cha ualimu, nilikuta watoto wanatembea kilomita nne na tano asubuhi yenye baridi kali wakiwa hawajatia kitu tumboni, na ikifika saa tano nusu ya darasa imelala juu ya madawati. Yeye ndiye aliyeitisha mkutano wa wazazi. Alipendekeza kila mzazi atoe debe moja la mahindi kwa kila mtoto kwa mwaka, likusanywe baada ya mavuno, na watoto wapewe uji saa nne. Wapo waliopinga. Yeye alisimama, akapiga hesabu mbele ya watu, hesabu ambayo mimi nimekuwa nikiitumia kufundishia darasa la tano hadi leo.

Hesabu yenyewe ni hii. Debe la mahindi lina uzito wa kilo kama 18. Mwaka wa masomo una siku 194. Gawanya, utapata gramu 90 na kitu kwa mtoto kwa siku, yaani bakuli moja la uji wa dona, bila ziada na bila pungufu. Debe moja tu! Wazazi wakakubali. Mzee mmoja asiye na mjukuu shuleni akaleta madebe mawili. Mwenyekiti wetu akabandika kwenye mlango wa stoo karatasi yenye majina, nani ameleta, nani hajaleta, na kila mwisho wa mwezi akaandika kiasi kilichotumika na kilichobaki. Aliyeshindwa kutoa mahindi alileta kuni. Aliyeshindwa kabisa hakusumbuliwa, wala mtoto wake hakurudishwa nyumbani wala kunyimwa uji. Hilo mwenyekiti alilikataza kwa ukali, nami nilimheshimu sana kwa hilo. Darasa la saa tano likawa darasa la watu walio macho. Mwalimu yeyote anayesoma barua hii anajua ninachosema.

Sasa msikilizeni jukwaani. Katika mkutano wake wa kwanza wa kampeni, ndugu huyuhuyu alisema kwamba akichaguliwa hakuna mzazi atakayechangia chochote shuleni, si fedha, si mahindi, si kuni, kwa kuwa elimu ni bure. Watu walipiga makofi na vigelegele. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma pale kwenye mparachichi, nikadhani nimesikia vibaya. Mkutano wa pili akarudia.

Huu ni wakati wa kukusanya mahindi. Shule yetu ina watoto 612. Mwaka jana kufikia siku kama ya leo tulikuwa na madebe zaidi ya 400 katika stoo. Leo yapo 83. Juzi nilimkuta mama mmoja kisimani, mzazi mwema ambaye hajawahi kukosa kuleta debe lake, nikamwuliza kwa adabu. Akanijibu, "Mwalimu, wakubwa wamesema elimu ni bure, wewe unataka kunikamatisha?" Nilikosa la kusema. Uchaguzi haujafika, kura haijapigwa, na tayari ahadi ile inawagharimu watoto uji.

Naomba nieleze kidogo jambo hili la elimu bila ada maana linapotoshwa sana, na wanaolipotosha si wapiga kura wa kawaida peke yao. Ni kweli kwamba Serikali ilifuta ada na michango ya lazima kwa waraka wa mwaka 2015, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Mimi mwenyewe nilisoma na wenzangu waliorudishwa nyumbani kwa michango, wengine hawakurudi tena. Lakini waraka uliofuata mwaka 2016 ulifafanua kwamba sare, madaftari, kalamu na chakula cha mwanafunzi wa kutwa vinabaki kuwa wajibu wa mzazi. Serikali inatoa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka, ambapo shilingi 4,000 zimetengwa kwa ajili ya vitabu na shilingi 6,000 zinaletwa shuleni. Gawanya hizo 6,000 kwa siku 194. Ni shilingi 31 kwa siku kwa mtoto, na hapo ndipo tunaponunua chaki, tunapotengeneza madawati, tunapochapa mitihani na tunapohudumia michezo. Hata pipi hainunuliki kwa fedha hiyo, sembuse uji.

Mgombea wetu anayajua yote haya. Alikuwa akija ofisini kwa mwalimu mkuu kusaini hesabu hizo. Ndiyo maana nasema hawezi kujitetea kwamba hakufahamu.

Labda atasema kwamba halmashauri ndiyo itakayotoa mahindi. Vema. Kwa shule yetu peke yake madebe 612 ni tani 11 za mahindi, magunia 110 ya kilo mia mia, na kata ina shule nyingine tatu, na mji una kata nyingine nyingi ambazo nazo zina madiwani wanaotaka chakula cha watoto wao. Fedha hizo zitoke katika mapato ya ndani. Sasa katika mkutano ule ule wa pili, ndugu yetu aliahidi pia kwamba atapigania ushuru wa mazao ufutwe kabisa. Hapa ndipo nilipochoka kabisa. Kwa halmashauri ya wakulima kama yetu, ushuru wa mazao ndiyo mapato ya ndani yenyewe. Kodi ya majengo tunailipa kwenye umeme tangu mwaka 2021. Viwanda hatuna. Ukifuta mchango wa mzazi kwa mkono wa kulia, na ukafuta ushuru kwa mkono wa kushoto, utakoroga nini katika sufuria?

Tena kiwango cha ushuru huo kimewekwa kwa sheria ya nchi, wala si Baraza la Madiwani la mji wetu. Mwaka 2017 kilishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na waliofanya hivyo walikuwa Bungeni. Baraza linaweza kupanga namna ya kukusanya, na linaweza kudai kujua kilichokusanywa kimekwenda wapi. Hayo ndiyo ambayo diwani angetuahidi kama ana nia njema, maana vizuizini kuna mambo mengi ambayo kila mwenye lori anayafahamu kuliko mimi.

Na hapa naomba niseme jambo ambalo huenda likamuudhi, lakini nalisema kwa nia safi. Yeye ni mnunuzi wa viazi. Ushuru wa mazao anaolipa halmashauri ni yeye, si mama anayelima nusu eka. Sote tunajua kwamba mnunuzi naye huurudisha kwa mkulima kwa kushusha bei, kwa hiyo sisemi mkulima hauhisi. Hata hivyo ushuru ukifutwa, wa kwanza kupata nafuu ni mwenye lori. Si dhambi mfanyabiashara kugombea. La hasha! Shamba letu linahitaji soko, na mtu aliyeanza kwa baiskeli akafika kwenye lori ana akili ambayo Baraza lingeifaidi. Ila mpiga kura ana haki ya kuambiwa waziwazi kwamba anayeahidi kufuta ushuru ndiye anayeulipa.

Isitoshe, kuna neno moja ambalo sijamsikia akilitamka hata mara moja katika mikutano yote. Neno hilo ni lumbesa. Gunia la viazi kisheria lisizidi kilo 100, lakini kila msimu wakulima wetu wanashonewa kilemba juu ya gunia, na wanalipwa bei ya gunia moja kwa kitu ambacho ni gunia na robo au zaidi. Vipimo vina wakala wake wa Serikali, hilo najua. Lakini halmashauri inaweza kutunga sheria ndogo ya kulazimisha viazi viuzwe kwenye vituo vyenye mizani, na inaweza kujenga vituo hivyo. Hilo liko ndani kabisa ya uwezo wa diwani. Mgombea mnunuzi wa viazi, anayeomba kura za wauza viazi, anazungumza saa nzima bila kutaja lumbesa! Je, yeye hununua kwa mizani au kwa kilemba? Sijui mgombea gani mwingine katika nchi hii ambaye swali hilo linamhusu zaidi.

Baadhi ya wenzangu wananiambia kwamba ninajisumbua, diwani ni cheo kidogo, tusubiri kubishana wakati wa ubunge. Sikubaliani nao. Wazee wetu wanakumbuka kwamba mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa nchi nzima. Za miji zikarudishwa mwaka 1978 baada ya huduma mijini kuzorota vibaya, na za wilaya zikarudi mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri kwamba kuzifuta kulikuwa ni kosa, na Katiba yetu katika ibara ya 145 na 146 imeziweka ili madaraka yawe kwa wananchi. Kitu ambacho Baba wa Taifa alijutia kukifuta hakiwezi kuwa kidogo. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, anapitisha bajeti ya halmashauri, anauliza mkurugenzi fedha zimefanya nini. Na mikutano ya Baraza ni ya wazi kisheria, mwananchi yeyote anaweza kwenda kukaa akasikiliza, ingawa mimi katika miaka yangu yote hapa nimewahi kumwona mwanakijiji mmoja tu aliyefanya hivyo, naye alikuwa amekwenda mjini kwa shauri la kiwanja.

Nilipokuwa chuoni mkufunzi wetu wa Kiswahili alipenda kututania kwa neno diwani, kwamba lina maana ya mjumbe wa baraza na lina maana ya mkusanyiko wa mashairi, na kwamba nchi hii ilipata mtu aliyekuwa na yote mawili. Alikuwa akimzungumzia Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, aliyetoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake mwaka 1954, na mwaka 1960 akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri. Uwanja wa mpira wa Arusha una jina lake. Hakuzaliwa Dar es Salaam, bali Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Nawaachia wale wa kilabu cha ulanzi walitafakari hilo.

Nirudi kwa ndugu yetu. Kabla ya kuandika barua hii niliona si uungwana kumsema pembeni, nikamfuata. Nilimkuta kwenye mashine ya kusaga, nikamsalimu kwa jina la zamani, "Mwenyekiti, shikamoo." Akaitikia vizuri kama kawaida yake. Nikamwambia stoo ina madebe 83. Alinyamaza kidogo, nami niliona kwamba limemgusa. Kisha akasema, "Mwalimu, ile ni kampeni tu. Tukishamaliza uchaguzi tutaitisha wazazi, watatoa." Nikamwuliza kwa nini asiseme hivyo sasa. Akacheka, akasema nikigombea nitaelewa.

Ndugu Mhariri, maneno hayo nimeyafikiria usiku na mchana. Kama angekuwa mtu mpumbavu au mwizi nisingehangaika. Kinachoniumiza ni kwamba huyu ndiye mtu bora kuliko wengi tuliowahi kuwa nao, mtu aliyebandika hesabu mlangoni wakati hakuna aliyemlazimisha. Kama mtu wa namna hii anaamini kwamba sisi wanakijiji hatuwezi kumpigia kura mpaka atudanganye, basi ama ametudharau, ama tumempa sababu. Yale makofi niliyasikia. Yalipigwa na wazazi wa watoto wale wale.

Na hilo la kuitisha wazazi baada ya uchaguzi lina kasoro moja kubwa. Mahindi hayangoji. Mnunuzi anapita sasa hivi na lori. Ikifika Novemba debe lililotakiwa kuja shuleni litakuwa limeuzwa, na ikifika Februari hata aliye na nia njema hatakuwa nalo ndani. Diwani mpya ataitisha mkutano wa watu wenye maghala matupu.

Kwa hiyo namwomba, kwa heshima niliyonayo kwake na kwa niaba ya watoto 612, afanye jambo moja. Mkutano wake wa mwisho wa kampeni utafanyika katika uwanja wa mpira wa kijiji chetu, mita 200 kutoka jiko la shule. Asimame pale aseme kama ule mpango wa debe moja aliouanzisha mwenyewe ulikuwa ni mzuri au mbaya. Kama ulikuwa mbaya, atueleze ubaya wake na atuonyeshe mpango mwingine pamoja na hesabu yake, kama alivyotuonyesha ile ya kwanza. Kama ulikuwa mzuri, awaambie wazazi walete mahindi wiki hii. Na akipata nafasi atueleze na habari ya mizani.

Mimi nitakuwa pale kwenye mparachichi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Nyanda za Juu Kusini.